Medali ya Ridhaa Shingoni, Mkanda wa Kulipwa Kiunoni



Mwezi uliopita mpwa wangu aliniandikia kutoka Tanga. Ni kijana wa miaka 22, anacheza ngumi za ridhaa, na kwa mkoa wake si haba. Mchana anaendesha bodaboda, jioni anakwenda mazoezini. Ujumbe wake ulikuwa na mambo mawili. "Mjomba shikamoo. Naomba unitumie glovu za aunsi 10 kutoka huko. Pili, kuna promota anataka nisaini niingie ngumi za kulipwa. Unanishauri nini?"

La glovu halikunipa taabu. Hapa Guangzhou mtu hakosi glovu, na marafiki zetu wanaojaza kontena kwenda Dar es Salaam hawakatai mzigo mdogo. La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Dada yangu, mama yake, alinipigia simu siku hiyo hiyo na kusema maneno machache tu: "Kaka, anakusikiliza wewe. Angalia utakalomwambia."

Kazi yangu ni uhandisi wa mitambo, ngumi sikuzipigana kamwe. Lakini tangu utoto nimezifuata redioni, magazetini na kwenye runinga, na kabla ya kumjibu niliona nirudi kwenye historia. Swali lenyewe ni moja: bondia aliyetamba katika ridhaa, je, kutamba huko kunavuka naye hadi kwenye ngumi za kulipwa? Nimeona nililete swali hili ukumbini kwetu, maana najua wengi wetu huku ughaibuni tuna mpwa wa namna hii, kama si wa ngumi basi wa mpira.

Nianze na Seoul. Mwaka 1988 nilikuwa kidato cha tano. Mwanzoni mwa Oktoba redio ilitangaza kwamba Mkenya, Robert Wangila, ametwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki uzito wa welter. Bwenini tulishangilia kana kwamba katoka Ngamiani au Chumbageni. Tulikuwa tumewazoea Wakenya kwa mbio, si kwa ngumi za dhahabu, na mpaka leo Wangila ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Katika fainali alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani kwa KO raundi ya pili.

Sasa angalia yaliyofuata. Wangila alikwenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Alishinda mapambano mengi, akapoteza kadhaa, lakini ubingwa wa dunia hakuupata. Julai 1994, huko Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya 9 mwamuzi Joe Cortez alisimamisha pambano. Wangila alilalamika, akisema bado anaweza kuendelea. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo alianguka na kupoteza fahamu, na siku mbili baadaye, tarehe 24, alifariki. Alikuwa na miaka 26. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi huku China, na habari nilizipata usiku kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, redio nikiwa nimeibana sikioni nisiwaamshe wenzangu.

Na yule Mfaransa aliyelala chini Seoul? Boudouani alirudi kwao, akaingia ngumi za kulipwa, akajengwa taratibu. Mwaka 1996, miaka minane baada ya kipigo kile, alimpiga Julio César Vásquez wa Argentina na kutwaa mkanda wa dunia wa WBA uzito wa kati mwepesi. Aliushika mpaka 1999. Yaani fainali moja, watu wawili: aliyeshinda hakuwa bingwa wa dunia wa kulipwa, aliyeshindwa akawa.

Kama historia ingeishia hapo, ningemwambia mpwa wangu kwamba medali ya ridhaa si kitu. Lakini haiishii hapo, kwani majirani zetu wa Uganda wanatoa ushahidi mwingine.

Ayub Kalule alipata dhahabu mbili mwaka 1974: ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, na ya mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ridhaa, yaliyofanyika Havana. Mwaka 1976 alianza ngumi za kulipwa akiwa Denmark, chini ya promota Mogens Palle. Oktoba 1979 alikwenda Japani, akampiga Masashi Kudo nyumbani kwake na kuchukua mkanda wa WBA. Hakuwa amepoteza pambano lolote la kulipwa mpaka Juni 1981, alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston. Leonard naye alitoka ridhaa, alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Montreal 1976.

Halafu kuna John Mugabi. Moscow 1980 alifika fainali ya uzito wa welter na kushindwa na Mcuba Andrés Aldama. Huyu Aldama ndiye yule aliyepigwa na Leonard katika fainali ya Montreal. Kwa sheria za Cuba za wakati huo hakuwa na ruhusa ya kupigana ngumi za kulipwa, kwa hiyo dhahabu yake ilibaki dhahabu. Mugabi mwenye fedha akachukuliwa na Mickey Duff wa London, akashinda mapambano yake yote ya mwanzo, zaidi ya 20, kwa KO. Machi 1986 alisimama mbele ya Marvin Hagler, wakapigana vita ambavyo wapenzi wa ngumi wanavisimulia mpaka leo, akaangushwa raundi ya 11. Mkanda aliupata 1989 alipompiga René Jacquot wa Ufaransa, ambaye aliumia kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata Terry Norris alimlaza Mugabi katika raundi ya kwanza vilevile. Mkanda wa Mugabi ulikuja kwa raundi moja na kuondoka kwa raundi moja.

Kwa hiyo ridhaa inavuka, lakini haivuki yote. Ni kipi kinachovuka na kipi kinachobaki nyuma?

Mimi ni mtu wa mashine, naomba niseme kwa lugha yangu. Kazi yangu hapa ni kukagua jenereta na pampu kwa niaba ya wanunuzi wa nyumbani kabla hazijapakiwa melini. Kiwandani fundi anawasha jenereta, anaipa mzigo, inanguruma vizuri kwa dakika kumi, kila mtu anatabasamu. Mimi huwa nasema: iacheni iendelee. Kasoro nyingi hazionekani dakika ya kumi. Zinaonekana joto likishapanda, mafuta yakishakuwa mepesi, na boliti zikianza kulegea.

Pambano la ridhaa la Seoul lilikuwa la raundi 3 za dakika 3, jumla dakika 9. Na leo ridhaa ni hivyo hivyo, baada ya kubadilishwabadilishwa katikati. Pambano la ubingwa wa dunia wa kulipwa ni raundi 12, yaani dakika 36. Zamani zilikuwa raundi 15, mpaka Mkorea Duk Koo Kim alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini mwezi Novemba 1982, na WBC wakawa wa kwanza kuzipunguza. Dakika 36 ni mara nne ya dakika 9, lakini mwili haupigi hesabu hiyo. Ngumi ya dakika ya thelathini inampata mtu ambaye shingo imechoka, miguu imechoka, na mikono imeanza kushuka.

Nilichukua karatasi nikaandika raundi ambazo nyota wetu wa ridhaa walisimamishwa katika mapambano yao makubwa ya kulipwa. Kalule kwa Leonard: raundi ya 9. Mugabi kwa Hagler: raundi ya 11. Wangila kwa Gonzales: raundi ya 9. Stephen Muchoki wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa uzito wa fly mwepesi Belgrade 1978 na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, alipigania mkanda wa WBA na Santos Laciar wa Argentina mjini Copenhagen mwaka 1982: raundi ya 13. Hao wote walianguka katika raundi ambazo ridhaa haikuwahi kuwafikisha.

Watano katika orodha yangu ni jirani yetu wa hapa China. Wenzangu wa Guangzhou wanamkumbuka Zou Shiming kutoka Michezo ya Asia iliyofanyika hapa 2010, alipotwaa dhahabu ya uzito wa kilo 49. Ndiye aliyeipa China medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika ngumi, shaba ya Athens 2004, kisha dhahabu ya Beijing 2008 na ya London 2012. Juu yake alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mara tatu. Ukitaka kumtafuta mtu ambaye ridhaa ilimpa kila kitu, ni huyo.

Aprili 2013, akiwa na miaka 31, alianza ngumi za kulipwa Macao, ng'ambo tu ya mto wetu huu. Nilitamani kwenda. Lakini viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja, na ukivuka kwenda Macao umehesabiwa umetoka China, kwa hiyo nilitazama kwenye mgahawa mmoja hapa Xiaobei pamoja na Wakongo na Wanigeria. Promota wake alikuwa Bob Arum, kocha wake Freddie Roach, yule aliyemfundisha Manny Pacquiao. Hata hivyo, Machi 2015 Amnat Ruenroeng wa Thailand alimshinda kwa pointi hapo hapo Macao. Mkanda, wa WBO uzito wa fly, aliupata Novemba 2016 mjini Las Vegas.

Julai 2017 aliutetea Shanghai, mbele ya watu wake. Mpinzani alikuwa Mjapani Sho Kimura, ambaye hakuwa na jina, na ambaye pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa alipoteza kwa KO. Raundi za mwanzo Zou alikuwa akicheza ngumi zake nzuri za ridhaa: anagusa, anaondoka, anagusa, anaondoka. Kimura hakubabaika. Aliendelea kusogea mbele, akipiga mbavu, raundi baada ya raundi. Ya 11 ilipofika, Zou hakuwa na miguu ya kuondokea. Mzee mmoja wa Kichina aliyekaa meza ya pili alizima sigara yake, akalipa, akaondoka bila kusema neno. Pambano hilo lilikuwa la mwisho kwa Zou, na jicho lake la kushoto lilibaki na madhara.

Sasa naomba nijipinge mwenyewe, maana mifano mitano si sheria. Muhammad Ali alitoka na dhahabu ya Roma 1960 akawa Muhammad Ali. Vasyl Lomachenko wa Ukraine, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, alipoteza pambano lake la pili la kulipwa mwaka 2014 kwa mzoefu Orlando Salido, kisha akawa bingwa wa dunia katika la tatu. Na njia ya kurudi nayo haikuwa rahisi. Mabondia wa kulipwa waliporuhusiwa kuingia Olimpiki ya Rio 2016, watatu waliokwenda, akiwemo huyo huyo Amnat aliyempiga Zou, walirudi mikono mitupu. Bingwa wa raundi 12 hakuwa bingwa wa raundi 3. Ni michezo miwili inayotumia ulingo mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo karatasi yangu ya raundi haikulionyesha, nalo ni watu walio nyuma ya bondia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kalule aliundwa Copenhagen kwa miaka mitatu na zaidi kabla ya kupewa Kudo. Boudouani alisubiri miaka minane. Lakini Philip Waruinge wa Kenya, ambaye Mexico 1968 alipata shaba na bado akapewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki ile, kisha fedha ya Munich 1972, alikwenda Japani akapigana chini ya jina la Waruinge Nakayama. Aprili 1976 alipelekwa Panama kugombea mkanda mpya wa WBC na Rigoberto Riasco, nyumbani kwa Riasco, na pambano halikufika mwisho. Bondia bora kuliko wote wa Olimpiki hakupata mkanda wa dunia. Ufundi alikuwa nao. Nyumba ya kumjenga kwa subira, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokosekana.

Na sisi Tanzania? Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh 1970, uzito wa kati. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya uzito wa bantam kutoka Kuala Lumpur 1998. Medali ya Olimpiki ya ngumi hatujapata hata moja. Lakini Septemba 2018 kijana wa Tanga, Hassan Mwakinyo, aliitwa Birmingham kuziba pengo dhidi ya Sam Eggington, akamaliza kazi raundi ya pili. Shingoni hakuwa na medali ya Olimpiki. Tangu usiku ule kila kijana wa Tanga mwenye glovu anajiona njiani kwenda Birmingham, na mpwa wangu ni mmoja wao. Siwezi kumlaumu.

Basi nilimpigia simu. Nilimweleza yote haya, kwa urefu kuliko nilivyowaeleza ninyi. Nilimwambia abaki ridhaa miaka miwili zaidi, aione timu ya taifa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Sawa mjomba. Lakini ridhaa hailipi. Wangila wako huyo, alipokuwa ridhaa, nani alikuwa anamlisha?"

Swali lake lilikuwa la haki. Ngumi za ridhaa za Kenya za miaka ile zilisimama juu ya ajira: jeshi, polisi, magereza, reli, viwanda vya bia. Bondia alikuwa na mshahara, daktari na mahali pa kulala. Zou naye alilelewa na mfumo wa serikali tangu ujana. Mpwa wangu analelewa na bodaboda. Kumwambia kijana huyo "subiri" bila kumwambia atakula nini wakati anasubiri, huo si ushauri bali ni usemi wa mtu aliyeshiba.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi, na kama kuna msomaji anayejua zaidi naomba anisahihishe. Mkataba hatasaini mpaka mwanasheria, rafiki yangu wa Dar, ausome, na hasa aangalie unamfunga miaka mingapi na nani analipa matibabu. Atapigwa picha ya ubongo kabla ya pambano la kwanza, na baada ya kila kipigo kizito, gharama juu yangu. Kwa mwaka mzima atapigana raundi 4 na 6 tu, hata akiitwa kwenye 10 kwa fedha nzuri. Kabla ya kukubali raundi 8 ulingoni, awe amezipiga raundi 10 mazoezini na kocha akiwa na saa mkononi. Na la mwisho, ambalo nilimrudia mara tatu: mwamuzi akisimamisha pambano, asibishe. Aje kwenye kona, akae, aseme ukweli anavyojisikia.

Hilo la mwisho alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Nimekuelewa mjomba. Na glovu?"

Glovu zimeondoka wiki iliyopita. Nilichagua jozi mbili za aunsi 10 alizoomba, nikaongeza za aunsi 16 za mazoezi na kofia ngumu ya kukinga kichwa. Kofia hiyo ridhaa ya wanaume wakubwa iliivua kabla ya Rio, na ngumi za kulipwa hazikuwahi kuivaa ulingoni, lakini mazoezini hakuna anayekukataza. Dada yangu nimemwambia asimame mlangoni: kijana akitoka jioni bila kofia, anirudishie glovu zangu.

Pambano lake la kwanza, la raundi 4, limepangwa Tanga. Nitakuwa hapa Guangzhou, simu mkononi, kama nilivyokuwa na redio sikioni mwaka 1994.